Nani Alimfundisha Nani: Kupima Elimu ya Mitishamba Inavyosambaa Kijijini

Ukiingia kijijini na swali la "mnajua miti gani ya dawa?", utarudi na daftari lililojaa majina ya mimea, na bado hutajua elimu hiyo inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Orodha ya mimea inapima akiba. Kupima mgawanyo wake, yaani nani alimpa nani, lini na kwa njia gani, kunataka maswali mengine na hesabu nyingine. Mwongozo huu unawahusu wanafunzi, vikundi vya utamaduni na wafanyakazi wa miradi nchini Uganda wanaotaka kupima hilo la pili katika kijiji kimoja cha LC1 (baraza la serikali ya mtaa ngazi ya kijiji), wakiwa na wahojaji wawili, simu yenye kamera na siku kama kumi za kazi.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Kinachojulikana na kila mtu hakiachi nyayo. Mululuza, kwa mfano: ukimuuliza mtu wa Luweero alijifunza kwa nani kwamba majani yake machungu hutumika kwa homa, atakujibu "nimezaliwa nikaukuta hivyo". Kinachojulikana na mtu mmoja peke yake nacho hakijasafiri popote. Nyayo ziko katikati, kwenye mambo ambayo watu wachache hadi nusu ya kijiji wanayajua. Karibu kila uamuzi ulioko hapa chini unatokana na hilo.

Ruhusa

Utafiti unaohusu watu nchini Uganda hupitia kwanza kamati ya maadili (vyuo vikuu vya Makerere, Mbarara na Gulu vinazo), kisha husajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Baada ya hapo barua inashuka: ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani), gombolola (tarafa), na mwenyekiti wa LC1. Usiruke ngazi kwa sababu unamjua mwenyekiti. Mtu mmoja akiuliza gombolola na gombolola haina habari, kazi inasimama. Ukitaka kuchukua mimea ndani ya hifadhi ya taifa unahitaji ruhusa ya UWA (mamlaka ya wanyamapori), na ndani ya msitu wa akiba wa serikali kuu, ya NFA (mamlaka ya misitu). Mimea ikienda maabara kuchunguzwa kemikali au vinasaba, kanuni za mwaka 2005 za upatikanaji wa rasilimali za jenetiki zinakuhusu, na Uganda imo tangu 2014 katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali hizo. Kwa kupima usambaaji wa elimu tu hakuna haja ya kufika huko, na ushauri wetu ni kutofika.

Kwenye fomu ya ridhaa tenganisha mambo matatu: kuhojiwa, kupigwa picha, na kutajwa jina. Wengi wanakubali la kwanza na kukataa la tatu, ila fomu yenye sahihi moja kwa yote inawanyima nafasi ya kusema hivyo. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi pamoja na kukubali kwake mwenyewe.

Chagua uwanja mmoja, kwa maneno ya watu wenyewe

"Mitishamba" ni bahari. Chagua uwanja mmoja: dawa za tumbo la watoto, mboga za porini, miti ya kutengenezea vifaa, au mimea ya mama mjamzito. Uwanja mmoja unatosha kwa mahojiano ya saa moja. Ukichanganya mitatu unapata majibu ya juu juu kwa yote.

Halafu pima maneno. Katika Kiswahili "dawa" ni kidonge, ni sumu ya panya, na ni hirizi pia. Kwa Waacholi na Walango neno *yat* ni mti na ni dawa, kwa hiyo swali lililotafsiriwa ovyo litakuletea miti ya mbao na kuni katika orodha ya tiba. *Omusujja* kwa Luganda hubeba homa za kila aina, ingawa watu wengi wakilisema wanamaanisha malaria. Kaa na wazee wanne au watano, wanawake kwa wanaume, waulize namna wanavyogawa magonjwa hayo, kisha andika swali kwa maneno yao. Mwombe mtu mwingine asiyeona swali la asili akurudishie kwa Kiswahili. Maana ikirudi imepinda, rekebisha kabla hujachapisha dodoso.

Bombo, Arua au Busia, ambako nyumba moja inaweza kuwa na lugha tatu, andika pia mahojiano yalifanyika kwa lugha gani. Mtu huyo huyo hutaja mimea michache akiwa katika lugha ya sokoni kuliko katika lugha aliyolelewa nayo. Usipoiandika lugha, tofauti hiyo utaisoma kama tofauti ya elimu.

Orodha huru, watu 25 hadi 30

Hatua ya kwanza ni kumwachia mtu ataje mwenyewe: "Naomba unitajie mimea yote unayoijua inayotumika kwa tumbo la mtoto." Andika kwa mpangilio anaotaja. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi, msomee aliyoyataja, uliza "na mingine?" Fanya hivyo mara mbili, usizidi; ukimbana sana ataanza kutaja ili uondoke.

Wachague watu kwa kura, si kwa kufuata mkono wa mwenyekiti. Chukua daftari la kaya, zipe namba, chota vikaratasi. Mwenyekiti atakupeleka kwa mganga na kwa mzee anayejulikana, na kijiji kitaonekana kina elimu kuliko kilivyo. Waganga na wakunga wa jadi wahojiwe pia, ila wawekewe alama yao wasichanganywe na wale wa kura.

Kila mmea upe uzito kwa nafasi yake. Aliyetaja mimea 5, wa kwanza unapata 5/5, wa pili 4/5, hadi wa mwisho 1/5. Jumlisha uzito wa mmea huo kwa watu wote, gawanya kwa idadi ya wote waliohojiwa, pamoja na wasioutaja. Tuseme mtu wa kwanza ametaja mululuza kwanza (1.0), wa pili ameutaja wa tatu kati ya minne (2/4, yaani 0.5), wa tatu hakuutaja (0): wastani ni 0.5. Hiki ndicho kipimo kinachoitwa kwa jina la Smith, na kazi yake hapa ni moja tu, kukusaidia kuchagua mimea ya hatua inayofuata.

Utakayoichagua iwe 15: mitatu inayotajwa na karibu kila mtu, tisa ya katikati, miwili iliyotajwa na mtu mmoja au wawili, na mmoja wa mtego. Mmea wa mtego ni ule unaomea pale kijijini lakini haujatajwa na yeyote kwa tiba hiyo. Ujaribu kwanza kwa watu watano. Mmoja akiwa na matumizi yake ya kweli, tafuta mwingine. Mtu anayekupa maelezo marefu ya mmea wa mtego anataka kukufurahisha, na majibu yake mengine yasomwe kwa tahadhari hiyo.

Jina peke yake halitoshi

Vernonia amygdalina ni mululuza kwa Luganda, omubirizi kwa Runyankore, labwori kwa Kiacholi. Ukihesabu majina, umehesabu mmea mmoja mara tatu. Kinyume chake kina madhara zaidi. Mwarobaini wenyewe, Azadirachta indica, una jani lililogawanyika mara moja: ubavu mmoja na vijani pande mbili, na maua yake ni meupe. Upo mti mwingine unaopandwa uani, Melia azedarach, unaofanana nao kwa mbali na ambao watu huuita mwarobaini vilevile. Jani lake limegawanyika mara mbili, maua yake ni ya zambarau, na matunda yake ni sumu. Mama na binti wakisema wote wanatumia "mwarobaini" utaandika kwamba elimu imepita, kumbe kila mmoja ana mti wake.

Dawa ya tatizo hili ni sampuli. Kwa kila mmea chukua matawi matatu yenye majani na maua au matunda, yasiyozidi urefu wa gazeti lililokunjwa. Tawi refu likunje kama herufi V. Lipange ndani ya gazeti, weka kadibodi kati ya sampuli na sampuli, kisha ubane kwa mbao mbili na mikanda. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo. Katika msimu wa mvua, ukichelewa kuyabadilisha siku mbili tu, majani yanageuka meusi na kuota ukungu. Mimea yenye maji mengi kama shubiri ipasue kwa urefu kwanza. Andika namba, mahali, tarehe, urefu wa mmea, rangi ya ua (ikikauka inapotea), harufu, na jina pamoja na lugha yake. Seti moja ipeleke kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere itambuliwe. Kwenye dodoso tumia namba ya sampuli.

Wakati wa kuhoji, onyesha tawi bichi la asubuhi hiyo. Picha ya simu inapunguza alama za watu, hasa wazee, kwa sababu watu hawatambui mmea kwa macho peke yake. Mujaaja hutambuliwa kwa kufikichwa jani na kulinusa. Kama sehemu inayotumika ni gamba la mti, leta gamba.

Jedwali la chanzo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanaharakisha. Kipande cha elimu ni mmea *pamoja na* matumizi. Mululuza kwa homa ni kipande kimoja, mululuza kwa tumbo ni kingine, na vinaweza kuwa vimetoka kwa watu wawili tofauti. Kwa kila kipande uliza:

1. Anajua, hajui, au anajua lakini hasemi.
2. Mara ya kwanza alijua kwa nani, na alikuwa na umri gani.
3. Alijifunza vipi: alitumwa kuchuma, alitibiwa nao, alitazama, aliambiwa, alisikia redioni, alisoma kwenye WhatsApp.
4. Ni nani baadaye alimwongezea au kumsahihisha.
5. Ameutumia lini mwisho.
6. Katika miezi 12 iliyopita amemwonyesha nani.

Swali la kwanza lina majibu matatu kwa makusudi. Mganga anayetabasamu na kusema "hiyo ni ya nyumbani kwetu" anajua. Ukimpa sifuri umeandika ujinga mahali penye siri, na siri ndiyo hasa unayotafuta: elimu iliyopo na isiyogawanywa. Mpe alama yake, usimbembeleze, endelea na mmea unaofuata.

Swali la pili ukiliuliza kwa jumla ("mitishamba ulifundishwa na nani?") watu watasema mama au jajja, yaani bibi au babu. Ni heshima, na mara nyingi ni kweli nusu. Ukiliuliza kwa kila kipande wanaanza kutokea jirani, mke mwenza, shemeji, mwalimu, mwanamke aliyekaa naye foleni ya kliniki. Kwa Waganda usisahau ssenga. Katika mambo ya mwili wa mwanamke, shangazi huyo anaweza kuwa chanzo kikubwa kuliko mama, na dodoso lenye visanduku vya "mzazi" na "wengineo" linammeza. Swali la nne lipo kwa sababu elimu hupatikana mara mbili: mtoto anachota kwa wazazi, halafu akiwa mtu mzima anaibadilisha kwa wenzake. Ukiishia kwenye swali la pili, wazazi wataonekana wamefanya kila kitu.

Umri watu hawaukumbuki kwa miaka. Tumia vituo vya maisha na vya nchi: kabla ya kuacha shule, kabla ya ndoa, kabla au baada ya vita vya 1979, kabla au baada ya 1986, shule zilipofungwa kwa Corona mwaka 2020.

Majibu ya chanzo yagawe katika mikondo mitatu. Wima: kutoka mzazi kwenda kwa mtoto. Mshazari: mtu mzima asiye mzazi, awe bibi, ssenga, mganga au mwalimu. Mlalo: rika kwa rika, jirani kwa jirani. Redio, simu na vipeperushi viwe na kisanduku cha nne, kwa sababu vinafikia mamia kwa siku moja na vikichanganywa na jirani vinaharibu picha yote. Bibi mwekee alama yake ndani ya mshazari. Aliyelelewa na bibi toka utotoni, hali iliyo ya kawaida Uganda, huenda ukataka kumhesabu kama wima. Amua mapema na uandike uamuzi huo.

Mtandao: uliza pande zote mbili

Baada ya jedwali, uliza swali moja la mtandao: "Mtoto akiugua tumbo usiku, na unataka kuuliza habari za majani, unamwendea nani?" Aachwe ataje kwa hiari bila kikomo. Kisha msomee majina ya watu wazima wa kaya zilizohojiwa, uulize kwa kila mmoja kama amewahi kumuuliza au kumweleza. Orodha ya kusomewa inachosha, lakini inaibua watu wa kila siku ambao kumbukumbu inawaruka. Mke anasahau kumtaja mama mkwe anayeishi uani kwake.

Anayetajwa akiwa nje ya kijiji mwandike kwa alama ya "nje" na wilaya yake. Ukimwacha, mtu anayempigia simu bibi yake Kasese ataonekana hana mwalimu.

Ukitaka mtandao usio na matundu, hoji watu wazima wote wa kaya chache zinazopakana badala ya kura ya kijiji kizima. Watu 40 wa namna hiyo wanafaa kuliko 100 waliotawanyika, kwa kuwa mtandao wa kura unakatika kila mahali ambapo mtu hakuchaguliwa.

Tuseme umehoji watu 40. Viungo vinavyowezekana ni 40 × 39, yaani 1,560, kwa kuwa A kumfundisha B si sawa na B kumfundisha A. Ukipata viungo 117, msongamano wa mtandao ni 117/1,560 = 0.075. Sasa angalia pande mbili: Nakato anasema alifunzwa na Mzee Juma, je, Mzee Juma alimtaja Nakato kati ya aliowafunza? Kama viungo 52 kati ya 117 vimethibitishwa pande zote, hiyo ni 44%. Usitegemee 100%. Mtoto anayetazama kutoka mlangoni anajifunza bila mwalimu kujua, na hilo lenyewe ni tokeo: viungo vinavyotajwa na mwanafunzi peke yake vikiwa vingi, elimu inapita kwa kutazama. Vikiwa vingi vya mwalimu peke yake, kuna wazee wanaodhani wamefundisha.

Namna ya kutengeneza inasema zaidi ya jina

Kwa mimea mitatu au minne ya katikati, usiishie kuuliza, omba uonyeshwe. Tuseme ni majani ya mululuza. Mmoja anayatwanga na kuyakamua kwenye maji baridi. Mwingine anayachemsha. Wa tatu anahesabu majani saba, anatia chumvi kidogo, anaacha mchana kutwa. Beba kikombe chenye alama za mililita na mizani ndogo ya jikoni: "konzi moja" ya mama mwenye kiganja kikubwa inaweza kuzidi ya binti yake kwa mbali, na utadhani vipimo vimebadilika kumbe mikono ndiyo iliyotofautiana.

Andika kila kipengele kivyake: sehemu ya mmea, idadi, moto au baridi, kiongezwa, muda, anayekunywa, mara ngapi kwa siku. Halafu tafuta vipengele vya ajabu. Kuchemsha hakusemi kitu, kila mtu anachemsha. Lakini watu wawili wanaotia chumvi na kuhesabu saba, katika kijiji ambacho wengine hawafanyi hivyo, wamekunywa kisima kimoja, hata kama hawakutajana. Ni kama wanafunzi wawili walioandika kosa lile lile kwenye mtihani. Katika vipimo vyote vya mwongozo huu, hiki ndicho tunachokiamini zaidi, na ndicho kinachorukwa zaidi kwa sababu kinachukua nusu saa kwa mtu.

Kuandika kipimo cha mtu si kukithibitisha. Usiwasomee wengine kipimo cha Mzee fulani kama dozi, hata wakikuomba.

Hesabu

Data unaweza kuikusanya kwa KoboCollect, inayofanya kazi bila mtandao, kisha uifungue kwenye jedwali la kawaida: mistari ni watu, safu ni vipande vya elimu, 1 kwa anayejua, 0 kwa asiyejua, na 8 kwa asiyesema. Namba 8 uziondoe kwenye hesabu za makubaliano na uzihesabu peke yake.

Kwanza, ufanano wa kila jozi. Watu 40 wanafanya jozi 780. Kama A anajua vipande 12, B 10, na vya pamoja ni 6, ufanano wao ni 6/(12 + 10 − 6) = 6/16, yaani 0.375. Hiki ni kipimo cha Jaccard. Vipande vinavyojulikana na zaidi ya 90% ya watu viondoe, maana vinamfananisha kila mtu na kila mtu.

Kisha linganisha wastani wa jozi zenye kiungo na zisizo nacho. Wenye kiungo wakiwa na 0.42 na wasio nacho 0.21, mtandao unabeba elimu. Wakiwa na 0.38 na 0.36, watu wanafanana kwa sababu nyingine: kipindi cha redio, shule moja, au wote wamekulia mahali pamoja. Makubaliano si ushahidi wa kugawana, na hapa ndipo ripoti nyingi huteleza. Usitumie jaribio la kawaida la takwimu, kwa kuwa mtu mmoja anaingia katika jozi 39 na jozi hizo hazijitegemei. Changanya majina ya watu kwenye mtandao bila mpangilio mara 1,000 au zaidi, kila mara hesabu tofauti upya, kisha tazama tofauti yako halisi inazidi ngapi kati ya hizo za bahati nasibu. Programu ya R inafanya hivyo kwa dakika chache.

Kipimo cha makubaliano kinachopendwa sana, Fic, huchukua taarifa zote za ugonjwa, hutoa idadi ya mimea, na kugawanya kwa taarifa pungufu moja. Taarifa 60 na mimea 13: (60 − 13)/(60 − 1) = 47/59, karibu 0.80. Ni rahisi, kwa hiyo kila mtu anakitumia. Lakini taarifa 2 za mmea 1 zinatoa 1.0 kamili, na kundi pana kama "magonjwa ya tumbo" linaficha kuhara, minyoo na mimba ndani yake. Usikiripoti kwa kundi lenye taarifa chache, kama chini ya 20, na kamwe usikiite kipimo cha usambaaji.

Kujua kama kijiji kina elimu moja au mbili, tumia uchambuzi wa makubaliano ya kitamaduni, ulioanzishwa na Romney, Weller na Batchelder mwaka 1986. Programu hukupa thamani kadhaa za mchanganuo (eigenvalues), kubwa ikiwa mbele; ya kwanza ikiwa angalau mara tatu ya ile ya pili, na hakuna mtu mwenye alama hasi, watu wanachota kwenye elimu moja. Ikishindikana, usilie. Mara nyingi kuna elimu ya wanawake na ya wanaume, au ya wenyeji na ya waliohamia. Tenganisha makundi uone.

Yanayoharibu kazi

Kulipa kwa mmea kunarefusha orodha hadi majani ya njiani. Toa sabuni au sukari sawa kwa wote, mwishoni. Kuhoji barazani kunafanya wanaosubiri wasikie majibu, na mtu wa tano anajua mimea yote ya wanne waliotangulia. Andika namba ya mfululizo ya kila mahojiano, kisha uangalie kama orodha zinarefuka kadiri siku zinavyokwenda. Mume akikaa pembeni mke hutaja machache, na mambo ya uzazi hayatajwi kabisa, kwa hiyo mhojaji wa wanawake awe mwanamke.

Kiangazi kikali mimea midogo ya msimu hukauka na alama za kutambua hushuka. Mvua zikianza watu wako shambani hadi adhuhuri. Kusini mwa nchi mwezi wa pili wa mvua, saa tisa alasiri, ndio wakati mzuri.

Halafu kuna hukumu ya "vijana hawajui". Ukimkuta wa miaka 20 anajua vipande 6 na wa miaka 60 anajua 14, hujapima upotevu. Huenda wa miaka 20 atajua 14 akishalea watoto wanne. Mambo mawili yanasaidia. La kwanza, swali la umri wa kujifunza: wazee wakisema vipande vingi walivipata baada ya ndoa, kijana hajachelewa bado. La pili, kurudi baada ya miaka mitano au zaidi na dodoso lile lile na sampuli za mimea ile ile. Tenganisha pia kujua na kutumia. Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa, jamii iliyokuwa ikiishi kwa kutegemea msitu huo, walitolewa msituni, na elimu iliyofundishwa kwa kutembea ilikosa njia ya kutembelea. Katika mahali kama hapo swali la tano, ametumia lini mwisho, litakuonyesha mabadiliko miaka mingi kabla ya swali la kwanza.

Kurudisha matokeo

Ndani ya miezi mitatu rudi kwa mkutano wa LC1 na karatasi mbili kubwa, moja ya mimea iliyo na wajuzi wachache na moja ya mikondo mitatu kwa asilimia. Uliza kama picha hiyo inawaingia akilini. Mara nyingi mtu atasimama aeleze kwa nini jirani wa upande ule hawaulizwi, na sentensi hiyo iandikwe neno kwa neno. Mmea wenye soko, kama Prunus africana ambao gamba lake limekuwa likiuzwa nje ya nchi, usionyeshwe mahali unapomea.

Ramani ya mtandao usiibandike ukutani, hata kwa namba badala ya majina. Kijiji kinaweza kumtambua mwenye mishale kumi na tano, na kitamtambua pia mzee ambaye hakuna mshale hata mmoja unaomwendea. Daftari linalounganisha namba na majina likae kwa mtu mmoja, mbali na data, na tarehe ya kulichoma iandikwe kwenye fomu ya ridhaa tangu siku ya kwanza.